Picha ya Kifua cha Mauwa

Kama una haraka, chukua hili moja uende nalo: kabla hujapiga picha ya kifua cha mwanamke, inua nywele zake. Usimwambie azifumue. Ziinue tu, zifunge juu ya utosi, ndipo uende kubonyeza. Ukiwa na muda, kaa nikueleze kwa nini, maana mimi nilichelewa kulijua jambo hilo, na aliyeumia kwa kuchelewa kwangu alikuwa mtoto wa miezi minne.

Hapa Nchelenge, kando ya ziwa, wananiita Papa Radio. Jina la ubatizo ninalo, lakini ukilitaja sokoni watu watakuangalia tu. Nilizaliwa Kilwa, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, ambako picha za mifupa huitwa radio. Upande huu wanasema eksirei. Nilivuka nikiwa kijana, nikaoa binti wa Kashikishi, nikaanza kazi hospitalini kama mfagiaji. Baadaye wakanipeleka chuo, nikarudi na cheti, viatu vyeusi na majivuno. Viatu viliisha mwaka wa kwanza. Majivuno yalikaa zaidi.

Sasa nimestaafu, na ninyi vijana mnakuja nyumbani mnaniuliza kazi hii ikoje. Ninyi mnaosoma Lusaka mkirudi likizo, na ninyi wa makazi ya wakimbizi mnaotaka kusoma lakini hamjui mwanzie wapi. Nimechoka kurudia, kwa hiyo ninaandika.

Kazi yenyewe si ngumu kuielewa. Mashine inatoa mwanga ambao jicho haliuoni. Mwanga huo unapita kwenye nyama kama maji yanavyopita kwenye wavu, lakini mfupa unauzuia. Mbele ya kifua cha mgonjwa tunaweka filamu, yeye anaikumbatia, na mashine inapiga kutoka mgongoni. Mahali mwanga ulipofika, filamu inakuwa nyeusi. Mahali ulipozuiwa, inabaki nyeupe. Ndiyo maana mifupa ni myeupe, na mapafu yaliyojaa hewa ni meusi. Ukisikia daktari anasema ameona doa kwenye pafu, ujue ameona weupe mahali panapotakiwa kuwa peusi. Picha haijui kusema kifua kikuu. Inasema tu kwamba hapa kuna kitu kimeuzuia mwanga. Ni kitu gani, hapo ndipo akili ya mtu inapohitajika.

Aliyeugundua mwanga huu alikuwa mwalimu wa fizikia huko Ujerumani, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Alikuwa anapitisha umeme kwenye chupa iliyofunikwa vizuri, akashangaa kuona karatasi iliyopakwa dawa inang'aa pembeni ya chumba. Akajifungia na jambo lake majuma mengi. Mwishowe akamwita mkewe, akamwekea mkono juu ya sahani ya picha. Ikatoka mifupa ya vidole, na kwenye kidole kimoja, pete. Chuoni tulipoonyeshwa nakala ya picha hiyo, nikanyoosha mkono nikauliza kwa nini bwana yule hakumwambia mkewe avue pete kwanza, kama tunavyofundishwa sisi. Darasa zima likacheka. Mwalimu akaniambia nikae chini, na mpaka leo sijajibiwa.

Waliomfuata bwana yule waliipenda mashine kupita kiasi. Kila asubuhi waliijaribu kwa mikono yao wenyewe, waone kama imeamka vizuri. Vidole vikaungua pole pole, vikakatwa, na wengine wakafa. Kwa hiyo aproni ya madini ya risasi, inayozuia mwanga huo, msiidharau kwa sababu ni nzito na inanuka jasho la mwenzako. Ivaeni.

Lakini mwalimu wangu wa kweli hakuwa na chuo. Aliitwa Bashi Chanda, yaani baba yake Chanda, mzee wa hapa hapa ziwani aliyefanya kazi kwenye chumba cha giza tangu mimi sijavuka. Chumba hicho ninyi hamtakijua. Siku hizi mnabonyeza na picha inatokea kwenye kioo kabla mgonjwa hajavaa shati. Sisi tulikuwa na mapipa matatu: la dawa ya kuamsha picha, la dawa ya kuikamata isipotee, na la maji ya kuoshea. Kote giza, isipokuwa kitaa chekundu kama kaa la mkaa. Dawa ilinuka siki, na mke wangu alijua kama nimefanya kazi kwa kuninusa mlangoni.

Bashi Chanda alipima joto la dawa kwa kiwiko, kama mama anavyopima maji ya kumwogesha mtoto. Nilipoleta kipimajoto cha chuo akakiangalia, akakisifu, akakitundika msumarini, akaendelea na kiwiko chake. Saa ya chumba cha giza ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo alihesabu muda kwa wimbo wa kanisani. Dawa ikiwa mpya, beti tatu. Ikiwa imechoka, beti nne na kiitikio. Mtu akipita nje akasikia mzee anaimba, alijua picha ya mtu inaamka humo ndani. Kuna wagonjwa waliovua kofia.

Maji yetu yalipampiwa kutoka ziwani. Mvua ikichafua ziwa, majani madogo yalikuja na maji, yakaganda kwenye filamu. Mara mbili nimemwona daktari mgeni ameinamia picha, anapima kwa rula kitu ambacho kilikuwa ni jani la ziwani. Jifunze uchafu wa mahali pako kabla hujajifunza magonjwa yake.

Na maneno yako kwa mgonjwa, yamalize. Kuna mvuvi wa Mofwe nilimwambia, "Vuta pumzi, shika, usipumue." Nikapiga picha, nikachukua kaseti yenye filamu, nikaingia chumba cha giza. Bashi Chanda akaanza wimbo. Katikati ya ubeti wa pili tukasikia kishindo. Tulimkuta mvuvi ameshika ukuta, macho yamemtoka, kiti kimeanguka.

"Papa, hukusema nipumue," akaniambia alipopata hewa. "Miye nilijua hiyo njo dawa yenyewe."

Mtu wa kupiga mbizi, kifua cha chuma. Angekuwa karani wa ofisi angepumua mwenyewe. Tulicheka mwaka mzima, lakini kosa lilikuwa langu, na yeye ndiye aliyetii.

Sasa nifike kwa Mauwa.

Ilikuwa miaka ya vita vya ng'ambo. Watu walifika kwa mitumbwi na maboti, wengine na godoro kichwani, wengine na mtoto tu. Hospitali ilijaa mpaka uani. Mimi nilikuwa peke yangu kwenye mashine, na umeme ulikuwa unakuja na kuondoka unavyotaka. Ukija, tulipiga picha kama watu wanaoanua samaki mvua ikinyesha.

Mauwa alikuja siku kama hiyo. Binti wa miaka kama ishirini, mwembamba, amembeba mtoto wake wa kiume, Ilunga. Mumewe alikuwa visiwani na nyavu, na yeye alikaa Kashikishi kwa mama mkwe wake aliyetangulia kuvuka miaka mingi kabla. Kazi yao ilikuwa kukausha na kuvukizia samaki. Alikuwa anakohoa majuma matatu. Makohozi yalipimwa, hawakuona kitu, ndipo daktari akasema apigwe picha.

Nywele zake zilisukwa kwa uzi mweusi, misuko mirefu minene inayoshuka mpaka mabegani. Zilikuwa za zamani. Kwenye shina nywele mpya zilikuwa zimeota kiasi cha kidole, na uzi ulikuwa umeanza kupauka. Nilimwambia kama nilivyofundishwa: vua shanga, vua sidiria, fumua nywele.

"Nywele sitafungula, papa," akasema.

"Ni kwa ajili ya picha, mama. Dakika tano."

"Hapana. Nywele hapana."

Alisema kwa sauti ya chini, bila ubishi, akinitazama usoni. Nyuma yake kulikuwa na watu thelathini na taa ilikuwa inapepesa. Mtu mwenye akili angeuliza neno moja tu: juu ya nini, yaani kwa nini? Mimi nilimnunia. Nikasema moyoni, haya, shauri yako, nikamsimamisha vile vile na kitambaa chake kichwani, misuko imelala begani kulia chini ya gauni la hospitali. Nikamwambia avute pumzi, ashike, apumue. Hilo angalau nilikuwa nimejifunza.

Picha ikatoka na weupe juu ya pafu la kulia, pale pale kifua kikuu kinapopenda kukaa. Daktari akaitazama kwa haraka, naye alikuwa na foleni yake, akaandika. Mauwa akaanzishiwa dawa siku hiyo.

Mimi nilikwenda nyumbani nikala ugali wangu nikalala. Nimeliweka hili hapa kwa sababu mtasikia wazee wanasema, "Siku ile moyo wangu haukutulia." Wangu ulitulia kabisa.

Nesi alimwambia Mauwa anaweza kuendelea kunyonyesha. Lakini neno la nesi lilisikiwa na watu watatu, na neno la kifua kikuu lilisikika Kashikishi nzima. Mama mkwe alikuwa amemzika binti yake kwa ugonjwa huo huo huko ng'ambo. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Alimchukua mtoto, akamfungia mgongoni mwake, akampa Mauwa kikombe cha peke yake, sahani ya peke yake, na mahali pa kukaa peke yake mwisho wa vichanja vya samaki.

Siku kumi na mbili baadaye, mama mkwe huyo aliingia chumbani kwangu na Ilunga. Karatasi ilisema: mtoto anakonda, apigwe picha ya kifua, huenda mama amemwambukiza.

"Anakatala buyi," akaniambia, yaani uji. "Nafanya ya mahindi, nafanya ya mihogo, natia na sukari. Anatapika yote. Papa Radio, angalia muzuri, tafazali. Huyu tu njo mutoto wa mwana yangu."

Kumpiga picha mtoto mchanga kuna ufundi wake. Usimbane. Mfunge kwenye kitenge cha mama, acha uso nje, mwimbie chochote. Akilia usikasirike: mtoto anayelia anavuta pumzi ndefu, na mwisho wa kilio ndiyo nafasi yako. Nilimwinua Ilunga nimlaze mezani, akageuza kichwa, akaanza kutafuta kifuani pangu. Alikuwa ananyonya kifungo cha shati langu. Hakulia. Alikuwa amechoka kulia, ananyonya tu kile kifungo na macho yamefumba. Mimi nina watoto sita, na sijawahi kushikwa moyo namna ile.

Mapafu ya Ilunga yalikuwa meusi safi, bila doa. Nikashukuru Mungu, halafu nikataka kulinganisha na ya mama yake. Nikaitoa picha ya Mauwa kwenye bahasha, nikaiweka kwenye sanduku la taa. Bashi Chanda alikuwa anafuta mikono. Akaja akasimama nyuma yangu, kama desturi yake. Kisha akanyoosha kidole, akafuata ule weupe kwenye pafu, akapanda nao, akapita mtulinga, ule mfupa unaotoka shingoni kwenda begani, akaendelea nao mpaka shingoni, nje kabisa ya pafu.

"Awe, hapana, mwana," akasema. "Mapafu haina mukia."

Nikaona. Na nilipoona, nikashangaa nilikuwa natazama nini siku zote. Doa la ugonjwa linakaa ndani ya pafu. Hili lilikuwa na mistari midogo ya kuzunguka, mzunguko juu ya mzunguko, sawasawa, kama uzi unavyozungushwa kwenye nywele na mtu mwenye mkono mzuri. Nilikuwa nimepiga picha ya msuko, na kwa ajili ya msuko huo mtoto alikuwa ananyonya kifungo.

Nitawaambia ukweli, jambo la kwanza nililofikiria ni kazi yangu. Nilifikiria cheti, watoto sita, na daktari atakavyosema. Nilimwambia Bashi Chanda labda tusubiri, atapigwa picha nyingine baada ya miezi miwili, itajionyesha yenyewe. Mzee alichukua picha ya Ilunga iliyokuwa bado inachuruzika maji, akaitundika mbele yangu kwenye waya, akatoka nje.

Nilikwenda kwa daktari. Nilisema kwa heshima, "Nimekosa, mukwai," nikamwonyesha mkia. Akaitazama muda mrefu, akavua miwani. "Tumekosa wawili," akasema. "Mlete."

Mama mkwe alikuwa ameshatangulia nyumbani na mtoto; nikapanda baiskeli mpaka Kashikishi. Mauwa nilimkuta mwisho wa vichanja, moshi unamwendea usoni kwa sababu mahali alipopewa ndipo upepo wa ziwa unaposukuma moshi. Nikajua kikohozi cha mwanzo kilitoka wapi: kwenye moshi huo huo wa samaki. Alikuwa amenigeuzia mgongo, amejiinamia, anakamua maziwa yake mchangani. Nikasimama mbali mpaka amalize kujifunika.

Baadaye alinieleza kwamba alikamua kila siku, asubuhi, mchana na jioni, kwa kujificha, ili maziwa yasikauke. Kila mtu alimwambia mtoto hatarudi kwenye titi. Yeye aliendelea.

Nikachuchumaa mbele yake. "Mama Ilunga," nikamwambia, "mapafu yako hayakukosa. Ni miye nilikosa. Ile niliyoiona ni nywele."

Akanitazama. Nilingoja anitukane, ningepokea. Akashika misuko yake kwa mikono miwili.

"Sasa unataka nifungule."

"Juu ya nini hutaki?" nikauliza. Siku kumi na mbili nimechelewa, lakini niliuliza.

"Ni mama alinisuka," akasema. "Asubuhi ile ya kuvuka. Yeye alibakia na tate yangu, baba muzee hawezi kutembea. Alinisuka pa mulango, batu banakimbia, miye nalia namwambia mama tuende. Alikatala kwenda haraka. Alisuka yote mpaka mwisho. Akasema, usifungule, nitakuya kukufungulia miye mwenyewe." Akaikaza mikono kwenye misuko. "Kama nafungula miye, ni kusema hakuyi tena."

Kwetu ng'ambo, mwenye kusuka ndiye mwenye kufumua, akiwa karibu. Si sheria, ni upendo tu, watu wanakaa miguuni kwa wale wale. Mimi ni mtoto wa Kilwa, dada zangu walisukana hivyo barazani mbele ya macho yangu. Mpigapicha kutoka Lusaka angekosea kwa kutojua. Mimi nilikosea nikijua, kwa kununa.

"Hutafungua kitu," nikamwambia. "Tutainua tu."

Mama mkwe alikuwa amesogea na Ilunga mgongoni, amesikia yote. Tulikwenda hospitali sote, mimi nasukuma baiskeli, wao kwa miguu, Mauwa hatua kumi nyuma kama alivyozoeshwa. Mpaka njiani karibu na hospitali nikageuka nikaona hatua zimekuwa tatu.

Chumbani nilitaka kumwita nesi amwinue nywele. Mama mkwe akanipa mtoto. Akachana upindo wa kitenge chake mwenyewe, akamsimamia Mauwa kwa nyuma, akakusanya misuko ile mmoja mmoja, pole pole, bila kuulegeza hata uzi, akaifunga juu ya kichwa kama kata ya kubebea maji. Vidole vyake vilikuwa vinanuka samaki. Mauwa alifumba macho.

Vuta pumzi. Shika. Usipumue. Pumua.

Siku hiyo Bashi Chanda aliimba beti nne na kiitikio, na dawa ilikuwa mpya. Nadhani aliogopa. Alitoka na filamu inachuruzika, akaiinua kwa mikono miwili kwenye mwanga wa dirisha, na sote tukaangalia. Nyeusi kulia, nyeusi kushoto. Daktari aliyekuwa mlangoni akasema dawa ziachwe, na mama mkwe akakaa sakafuni akaanza kulia kwa sauti. "Nisamehe, mwana. Niliogopa tu. Nisamehe."

Mauwa alikuwa hana nafasi. Alikuwa ameshamchukua Ilunga kutoka mikononi mwangu na kugeuka ukutani. Tulisikia mtoto anahangaika, anakataa, analia. Kisha tukasikia anameza.

Ndiyo hivyo, vijana. Nilipewa barua ya onyo, nikaitia sahihi, nikaendelea na kazi miaka mingi. Kashikishi wakati huo ukipita vichochoroni ungeona picha zetu madirishani. Filamu za zamani watu walizipachika badala ya vioo, maana hazipitishi upepo. Ungeona goti la mtu, fuvu la mwingine, nyuma yake taa ya chakula cha jioni. Niliwahi kusimama mbele ya nyumba nikatambua mbavu za mwenye nyumba kabla yeye hajatoka kunisalimia.

Picha ya makosa ya Mauwa sikuitoa. Niliificha chini ya droo. Mara nilitaka kuichoma, mara nilitaka kuwafundishia wanafunzi, nikawa siwezi kufanya lolote kati ya hayo mawili.

Msinione kama nimekuwa bingwa wa nywele. Juzi tu nilikwenda Kenani, kwenye kambi ya wakimbizi, walikuwa wameleta mashine ndogo ya kushika mkononi kama kamera, na kompyuta inayopaka rangi nyekundu mahali inapotilia shaka. Msichana anayeiendesha, Bupe, mpole na mwepesi, akanionyesha picha ya mama mmoja, nyekundu juu ya pafu la kulia. Nikajisikia mtu mkubwa. "Umeinua nywele zake, mwanangu?" nikamwuliza. Bupe akafungua mlango akanionyesha mgonjwa. Amenyoa upara. Alikuwa mgonjwa kweli, na alianza dawa siku hiyo, na nimeambiwa anaendelea vizuri. Kwa hiyo mkinisikia mzee nasema kitu, nanyi fungueni mlango muangalie.

Mauwa alirudi kwangu kama mwaka mmoja baadaye. Boti lilikuwa limekuja na watu wa kijiji chao. Nilijua habari kabla hajafungua mdomo, kwa sababu alikuwa amenyoa kichwa chote, kama wafiwa wanavyonyoa. Mama mkwe ndiye aliyemfumua kwanza, alinieleza, uzi mmoja baada ya mwingine, kutwa nzima, kisha akamnyoa. Nyuzi walizizika.

"Papa Radio," akasema, "ile picha ya makosa iko wapi?"

Niliona aibu. Nilimwambia ipo, nikadhani anataka kuipeleka kwa wakubwa wangu, na nikaona ana haki. Niliitoa chini ya droo nikampa. Hakuiweka kwenye sanduku la taa. Aliipeleka dirishani, akaiinua kama alivyomwona Bashi Chanda, akaweka kidole pale kwenye pafu la kulia, kwenye ile mizunguko midogo iliyo sawasawa.

"Sina foto ya mama hata moja," akasema. "Balichoma nyumba. Hii ni mukono yake."

Nilimpa. Sheria ya kumbukumbu za hospitali inasema nini, sikuuliza.

Aliipachika dirishani kama watu wengine, mpaka nilipoona inaanza kugeuka manjano pembeni. Nikamwambia filamu haipendi jua, aiweke kwenye bahasha ya kaki, mbali na moshi na mikono yenye mafuta. Amefanya hivyo mpaka leo. Ilunga ni mwanaume mwenye ndevu sasa, ana boti lake, na mama mkwe tulimzika mwaka jana, Mauwa ndiye aliyemwosha.

Jumapili baada ya misa huwa ninapita kwao. Ananipa kiti, anawaita wajukuu, anaitoa bahasha, anaiinua picha dirishani kwa mikono miwili. Watoto wanasogea.

"Jambo, mama," anasema Mauwa.

"Jambo, koko," wanasema watoto, yaani bibi.

Na mimi niliyeipiga nikiwa nimenuna, navua kofia yangu, nasalimu pamoja nao.